Mafuta Yanayoishia Kimanzichana

Nilimsamehe mume wangu kosa ambalo mpaka leo sijui kama alilifanya. Nilimsamehe kwa sauti, mbele ya wanawake waliojaa chumbani, na maneno yale yakatoka nje ya nyumba kabla ya jeneza.

Nianze na gari, maana bila gari nisingesema chochote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila kilichochoka Japani kilikuja kumalizia maisha yake kwetu: friji, redio, baiskeli, magari. Mume wangu alikuwa akipeleka kamba Dar es Salaam. Kamba hao walitoka delta, upande wa kwetu Salale na Kiongoroni. Waliletwa kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa pikapu hadi Kibiti tulikokuwa tukiishi, na hapo yeye aliwapokea, akawapanga kwenye maboksi ya barafu, na alfajiri akaondoka nao. Mwanzoni alikuwa akitumia gari la mdogo wake, shemeji yangu. Baadaye akanunua lake. Alilichagua kwenye picha kwa sababu ya rangi na ukubwa wa buti. Hakujua alichokuwa ananunua, na hilo alinikubalia mwenyewe.

Siku lilipofika nilikuwa uani napepeta mpunga. Nikageuka, nikaona gari limesimama hatua mbili nyuma yangu. Sikusikia kitu. Nikaanza kuwatafuta watu waliolisukuma.

"Limezimikia wapi?" nikamuuliza.

"Halijazimika. Nimekuja nalo."

"Mbona halingurumi?"

"Ndivyo lilivyo. Wanaliita haibridi. Lina injini ya petroli, na lina mota ya umeme."

Shemeji, aliyekuja kuliona, alicheka hadi akashika kiuno. "Kaka, umeme wenyewe hapa mtaani tunausikia redioni. Utalichomeka wapi, kwenye mkorosho?"

"Halichomekwi. Linajichaji lenyewe likitembea."

"Basi na huo mpunga wa shemeji ujipepete wenyewe."

Mume wangu akaenda kufunga buti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi pia. Watu walisema tumeokotana.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini hesabu nilikuwa naiweza. Ndiyo iliyoniponza.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha gari akirudi. Alirudi mchana, akaenda kuswali alasiri, nami nikatoa maboksi na kuosha buti ili harufu ya kamba isilale humo. Alinifundisha kubonyeza kitufe ili niteremshe vioo, hewa ipite. Ukibonyeza, kioo kidogo cha dashibodi, kama cha televisheni, kinawaka. Kulikuwa na maandishi ya Kijapani nisiyoyajua, na picha ya gari yenye mishale inayotoka kwenye injini kwenda kwenye magurudumu, mingine inatoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri. Sikuielewa. Nilichoelewa ni vistari vya mafuta pembeni. Tangi likijaa vilikuwa kumi. Alijaza kila jioni kabla ya safari, nilikuwa namwona. Akirudi, vilikuwa vimepungua vitatu. Kila safari, vitatu.

Gari la shemeji lilikwenda njia ile ile na mzigo ule ule. Siku moja nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, linarudije kutoka Dar.

"Dar na kurudi? Linarudi na mafuta ya kunusa, shemeji."

"Na mtu akitumia chini ya nusu ya tangi, atakuwa amefika wapi?"

Alifikiri kidogo, kwa uaminifu wa dereva. "Mafuta hayo? Kimanzichana, halafu ugeuze."

Hakuwa na nia yoyote. Lakini Kimanzichana, katikati ya njia ya Dar, ndiko alikokuwa mtalaka wa mume wangu, mwanamke aliyekuwa naye kabla yangu. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa mtoto. Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo kila mwezi, na sasa lilipata mahali pa kukaa.

Nikajiambia kamba anawauza njiani. Wachuuzi wako kila kituo, na maboksi matupu hayasemi yalimwagwa wapi. Mkate alioniletea kila safari kutoka mjini ungeweza kununuliwa Kimanzichana kwenyewe. Ukishaanza kuhesabu hivyo, kila kitu kinaingia kwenye hesabu.

Bado nilitaka kumpa nafasi. Jioni moja nikamuuliza foleni ya Mbagala ilikuwaje.

"Mbaya. Saa nzima tumekaa pale."

"Na mafuta hayakuishia hapo?"

"Aa. Foleni ndiyo inayonisaidia. Kwenye foleni mafuta hayapungui."

Niliutazama mdomo wake alipokuwa anasema. Hakuna mtu Kibiti asiyejua kwamba foleni inakula mafuta. Shemeji alikuwa akiitukana foleni ya Mbagala kwa sababu hiyo. Nikaona mume wangu hajui hata kudanganya: mtu aliyekaa foleni kweli angelalamika.

Sikumwambia. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu watu walidhani tuligombana. Hatukugombana. Niliacha kumchemshia maji ya kuoga. Chakula nilikifunika kawa, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka amalize. Akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikasema hakuna. Baada ya wiki akauliza tena. Nikasema hakuna. Mara ya tatu hakuuliza.

Kisha akaugua homa. Siku ya tatu akafariki. Kifo chake hakikuhusiana na gari wala na mtu yeyote.

Kwetu, kabla maiti haijatolewa, mke huulizwa kama amemsamehe mumewe, asiende na deni la moyo. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeingia chumbani. Alikuwa Mmatumbi wa milimani, mwanamke mkavu, na siku ile sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, mwenzio anaondoka. Kama kuna alilokukosea, msamehe."

Ningesema "Nimemsamehe" ingetosha. Ndivyo wanavyosema wote. Lakini niliona kwamba nikisema neno tupu nitakuwa nimemdanganya maiti, na msamaha hautafika. Nikasema, "Nimemsamehe yote. Hata la Kimanzichana."

Mama mkwe akanitazama, akatoka. Nikasikia wanaume wanainua jeneza, na wanawake nyuma yangu wakianza kunong'ona.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, mama mkwe yupo nyumba ile ile. Alinipa chakula, alinifulia, hakuniuliza neno. Wakija wenzake aliongea nao Kimatumbi, lugha ambayo nilikuwa naisikia nusu, na katika hiyo nusu jina la Kimanzichana lilikuwemo.

Kabla ya kugawa mirathi, ukoo ulitaka kujua kama Kimanzichana kuna mtoto wa marehemu. Shemeji akatumwa. Aliporudi alisimama nje ya dirisha langu, pazia katikati yetu.

"Shemeji, yule mwanamke amesema hajamwona kaka tangu talaka, na mtoto hakuna."

"Umemwamini?"

"Mumewe alikuwa amesimama pale pale. Ungetaka aseme nini?" Akasogea karibu na pazia. "Yule bwana amekasirika. Nilipoondoka alikuwa hajaanza kumuuliza mkewe, lakini nilimwona anavyosubiri niondoke."

Sikuwa nimefikiria kwamba kule yupo mtu aliye hai. Nilidhani nimemsema maiti tu.

Ilipokaribia mwisho wa eda, shemeji alileta fundi kutoka Dar alitazame gari kabla ya kutafutiwa mnunuzi. Niliketi karibu na dirisha nikasikiliza, maana hakuna kingine cha kufanya kwenye eda. Fundi alikuwa mwongeaji. Kwanza alimgombeza shemeji.

"Umekuwa ukiliwasha?"

"Kila Ijumaa."

"Afadhali wewe una akili. Wengine wanaliacha mwezi mzima, betri inalala, halafu wanasema wametapeliwa."

"Hebu niambie, fundi. Hili linakunywaje? Maana marehemu alikuwa anapita kituoni kama anasalimia tu."

"Halinywi, bosi. Linaonja." Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. "Betri kubwa hii hapa, nyuma ya kiti. Ukiondoka polepole, unakwenda kwa umeme, petroli imelala. Ukishika kasi, injini inaamka, inafanya ile kazi inayoiweza. Ukikanyaga breki, au ukiteremka mlima, mota inageuka inakuwa jenereta. Ile nguvu ambayo gari lako linaipoteza kwa kuchoma breki, hili linairudisha kwenye betri. Ndiyo utakayoondokea tena."

"Linakula matapishi yake."

"Sema unavyotaka. Kituoni wewe utafika kabla yake."

Nikajikuta nimesimama. Mjane wa eda hapazi sauti kwa mwanamume mgeni bila haja, lakini mimi nilikuwa na haja.

"Fundi, samahani. Foleni inakula mafuta ya gari hilo, au haili?"

Fundi akajibu kwa adabu, akielekea dirishani. "Mama, shikamoo. Pole na msiba. Foleni kwa gari hili ni mapumziko. Mkisimama, injini inazimika yenyewe. Mkisogea hatua kumi, linasogea kwa umeme. Betri ikipungua sana ndipo injini inaamka kidogo kuishibisha, halafu inalala tena. Wenzako wanachoma petroli wamesimama, wewe umekaa tu. Ndiyo maana hili mjini linakula kidogo kuliko hata njia kuu."

"Kwa hiyo mtu akisema foleni inamsaidia…"

"Anasema kweli, mama."

Nilikaa chini.

Nilijaribu kulielewa jambo lile kwa njia ninayoijua mimi. Salale, ukitoka na boti ya mashine wakati maji yamekupwa, huwashi mashine kwenye kijito katikati ya mikoko. Panga la mashine litakula tope. Unachukua upondo, ule mti mrefu wa kufikia chini, unasukuma polepole, kimya, mpaka ufike penye kina. Hapo unawasha. Ukirudi na maji yanajaa, unazima, maji yanakubeba mpaka bandarini. Mafuta yanabaki. Baba yangu alikwenda hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia ni mwongo kwa sababu galoni lake lilirudi na kitu. Nilikulia ndani ya jambo lile. Halafu likaja na magurudumu manne, nikalihesabia kwa gari la shemeji.

Lakini upondo una mtu anayeusukuma, jasho linamtoka. Hapa nani anasukuma? Breki? Sikuelewa vizuri, na sasa pia siwezi kusema naelewa. Nilielewa tu kwamba hesabu yangu ilikuwa ya gari jingine.

Eda ilipoisha nilimwambia mama mkwe kwamba kabla gari halijauzwa nataka twende nalo Dar na kurudi, na tubebe kamba uzito ule ule.

"Kwa nini?"

"Nataka uone mafuta, mama."

"Mimi na mafuta wapi na wapi?"

"Lile neno la Kimanzichana lilitoka kwenye mafuta."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaenda kutafuta kanga ya kutokea.

Tuliondoka asubuhi, shemeji akiendesha, mimi mbele, mama mkwe kiti cha nyuma, ile betri mgongoni mwake. Vistari kumi. Nilimweleza yote njiani bila kugeuka: maboksi, vioo, vitatu kila safari, mtalaka, foleni. Shemeji alikaza macho barabarani. Niliposema kwamba yeye ndiye aliyelitaja jina la Kimanzichana, akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nasema kilomita."

"Najua."

Mbagala tulikuta foleni. Gari liliponyamaza, mama mkwe akashika kiti changu.

"Limezimika."

"Limejizima, mama," shemeji akasema.

"Tutatokaje?"

Magari ya mbele yakasogea, nasi tukasogea bila sauti. Mama mkwe akachungulia dirishani kuona nani anasukuma, kama nilivyofanya mimi uani. Tulikaa pale muda mrefu sana. Sikuyatoa macho kwenye vistari. Havikucheza.

Tukashusha kamba, tukala, tukageuza. Tulipokaribia Kimanzichana mama mkwe akauliza, "Vimebaki vingapi?"

"Vinane."

"Na lako lingekuwaje hapa?" akamuuliza shemeji.

"Langu saa hizi lingekuwa linatafuta kituo, mama."

Mimi nikasema, "Simama hapa. Nina watu wa kuwaona."

Shemeji alinionyesha nyumba. Mwanamke alikuwa barazani anamenya mihogo, mumewe amepindua baiskeli anafunga mnyororo. Sikuwahi kumwona yule mwanamke. Alikuwa mfupi kuliko nilivyokuwa nimemtengeneza kichwani. Nilisalimia, nikajitambulisha, na kisu chake kikasimama.

Nikasema nimekuja kurudisha neno langu. Nilisema kwenye msiba jambo ambalo lilitokana na kuhesabu mafuta ya gari nisilolijua. Nikawaeleza gari, vibaya, nikichanganya upondo na mishale na breki. Mwanamume alisikiliza akiwa ameshika mnyororo, mikono yote grisi.

"Kwa hiyo sasa una uhakika alikuwa haji hapa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya neno hilo moja. Lakini gari lilikuwa limenionyesha kwamba aliweza kufika Dar kwa vistari vitatu. Halikunionyesha kwamba alifika.

"Sina uhakika," nikasema. "Nina uhakika kwamba sikuwa na sababu ya kusema."

Mwanamke akatupa kisu kwenye beseni. "Wewe umekuja kunisafisha au kunipaka matope tena?"

"Nimekuja kusema ninachokijua."

"Sema hapana tu, mama," mumewe akanisihi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. "Neno moja. Uende zako."

"Siwezi. Nikisema nisilolijua nitakuwa nimefanya tena lile la kwanza."

Yule bwana aliutazama mnyororo. Kisha, sijui kwa nini, akacheka kidogo kwa pua, akamwambia mkewe, "Huyu hata akitaka kudanganya hawezi." Akarudi kwenye baiskeli yake. Kama alikuwa amemwamini mkewe tangu zamani, au ameamua saa ile, au hakuwa ameamua bado, sikujua na sikuwa na haki ya kuuliza.

Mwanamke alinisindikiza hatua chache. Hakuwa amenisamehe, nilimwona.

"Marehemu alikuwa haongei," akasema. "Mimi ndilo lililonishinda kwake. Na wewe naona huongei. Mlikuwa mnaishije?"

Nikarudi garini.

Shemeji alikuwa ametoka kununua korosho. Mama mkwe alikuwa peke yake nyuma. Kioo cha dashibodi kilikuwa kinawaka, mishale imesimama, na sikuweza kujua kama gari limewashwa au limezimwa. Nilikaa mbele nikafunga mlango.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Na nyumbani nitawaambia wale waliokuwepo chumbani, mmoja mmoja."

"Watakuelewa? Hilo la upondo?"

"Sijui, mama. Hata mimi silielewi lote."

Akauliza, "Ulipokuwa umemnyamazia, mwanangu alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu hakuna."

Nikasikia anavuta pumzi. Nikageuka, mara ya kwanza siku nzima, nikamwomba radhi, na nikamwomba anipe na ya mwanawe kwa niaba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa.

"Yangu nakupa," akasema. "Nimekupa. Ya mwanangu sina. Aliondoka nayo."

Shemeji akaingia na korosho zake, akakanyaga kidogo, gari likaondoka bila sauti. Penye mteremko niliona mishale ikigeuka, ikitoka kwenye magurudumu kurudi kwenye betri, na nikaitazama mpaka tulipofika bondeni na injini ikaamka. Nyumbani vilikuwa vimebaki saba.